Mkono Uliohama

Jumamosi ile Mjusi alimkuta mwanamke mwingine ameshika kamba yake.

Mwanamke mwenyewe hakuwa wa kuonewa wivu. Alikuwa Mama Mapacha, mnene wa mwili na mwingi wa maneno, mama wa watoto wanne waliokuja duniani wawili wawili. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wa kuingilia, miguu ameitanua, kofia ngumu imemkalia upande. Mikononi mwake kamba ilipita kwenye breki ya chuma iliyofungwa sakafuni, ikapanda juu ghorofa sita hadi kwenye kapi linaloteleza kwenye reli ya dari, ikashuka tena mpaka kwenye kiti kidogo cha ubao chenye mikanda. Kiti hicho kilikuwa cha Mjusi. Kwa miaka minne alikuwa amekikalia, na kwa miaka minne kamba yake ilikuwa imeshikwa na mtu mmoja tu.

"Nanga yuko wapi?" aliuliza.

"Na wewe hujambo, mwanangu."

"Shikamoo, Mama Mapacha. Nanga yuko wapi?"

"Marahaba. Hajafa. Yuko kule milangoni na ndoo yake."

Mjusi aligeuka. Kweli, mbele ya ile milango mipana ya kioo, Nanga alikuwa amepiga goti anasugua kioo cha chini, mahali ambapo watu hufungua mlango kwa ncha ya kiatu wakiwa wamebeba mizigo. Alikuwa anasugua kwa bidii ya mtu asiyetaka kuinua uso.

"Anaumwa?"

"Muulize mwenyewe." Mama Mapacha alishusha sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Mimi nimeambiwa na msimamizi jana jioni. Kaniambia, Nanga ameomba atolewe kwenye kamba, wewe utamshikia Mjusi kuanzia kesho. Nikadhani mmekubaliana."

"Ameomba?"

"Ameomba. Kwa mdomo wake."

Mjusi alianza kuvaa mikanda, na vidole vyake vilivyozoea kufunga bizimu zile hata gizani sasa vilikosea bizimu ya kwanza, kisha ya pili.

Walimwita Mjusi kwa sababu alikuwa akinata kwenye kioo kana kwamba amezaliwa hapo. Nanga naye alipewa lake kwa sababu akishasimama mahali hasogei. Majina yao halisi yalikuwa kwenye orodha ya mishahara na vinywani mwa mama zao tu. Kazi yao ilikuwa kuosha vioo vya ndani vya majengo ya ofisi, vile virefu visivyofikiwa kwa ngazi. Mjusi alipanda, Nanga alimshikia. Wenzao walisema jozi ile haina mfano.

Ila palikuwa na kanuni. Mume na mke hawakuruhusiwa kushika kamba moja, na wachumba vilevile. Hakuna aliyewahi kueleza kwa nini. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa stoo, chini ya ile inayosema msile kwenye ngazi, na watu waliifuata bila kuuliza.

Majuma mawili yaliyopita, kwenye stoo hiyo hiyo, katikati ya vitambaa vilivyoanikwa, Nanga alikuwa amemuuliza kama atakubali waoane. Alimuuliza vilevile anavyofanya mambo yake yote, kwa maneno machache na bila kupepesa macho. Mjusi alijibu, "Nipe muda." Hakuwa na shaka na moyo wake, moyo ulikuwa umeshakwenda zamani. Shaka yake ilikuwa hii: akisema ndiyo, atampoteza mtu wa kumkabidhi uhai wake. Akisema hapana, atampoteza mtu anayempenda. Na mtu mwenyewe ni mmoja. Kila usiku alikuwa akiligeuza jambo hilo upande huu na upande ule, na kila asubuhi liliamka likiwa lilelile.

Na sasa Nanga alikuwa ameachia kamba kabla hajapewa jibu.

"Uko tayari?" Mama Mapacha aliuliza.

"Nipandishe."

"Usininunie mimi. Mimi nimeletwa tu."

"Sikununii. Nipandishe, Mama Mapacha."

Kiti kiliinuka. Sakafu ilishuka chini yake taratibu, mapokezi yakawa meza ya kuchezea watoto, na miti ya kwenye vyungu ikawa vichwa vya mchicha. Alisimama kwenye ghorofa ya tano, mbele ya safu ya vioo vya ofisi zilizotazama ukumbi. Alichovya sponji, akaikamua sana, maana ndani ya jengo tone moja la maji likianguka sakafuni ni kesi. Akapaka sabuni kwa miondoko mipana, akavuta kifutio cha raba kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, kisha akapitisha kitambaa kikavu pembeni.

Vioo vya ndani havichafuliwi na mvua wala na ndege. Upande wa Mjusi palikuwa na vumbi jembamba la viyoyozi, jeupe kama poda. Upande wa pili ndiko kulikokuwa na watu. Akishafuta upande wake aliyaona mambo yao: alama za vidole vya mtu aliyesimama hapo akiongea na simu, na mahali ambapo mtu aliyechoka aliegemeza paji la uso, pameacha duara la mafuta. Alama hizo hazikuwa zake kuzifuta. Zilikuwa za wenzao wanaosafisha ndani ya ofisi.

Alihamia kioo cha pili. Kona ya kulia ilikuwa mbali kidogo. Kwa kawaida angejisukuma kwa mguu, akainama ubavu mzima nje ya kiti, akaifikia kwa ncha za vidole. Alikuwa amefanya hivyo mara elfu. Leo mguu ulikataa.

Alikaa pale akiutazama mguu wake mwenyewe kama mguu wa jirani.

"Vipi huko?" Mama Mapacha aliita kutoka chini.

"Sawa tu. Nisogeze kulia kidogo."

Alisogezwa, vizuri kabisa. Mama Mapacha alikuwa ameshika kamba tangu Mjusi yuko shule ya msingi. Hakuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa kwingine. Kwa miaka minne Mjusi alikuwa akiamini kwamba yeye haogopi urefu. Watu walimsifia, naye aliwaachia wamsifie. Kumbe woga alikuwa nao wote, mzima, na siku zote hizo ulikuwa umebebwa na mtu mwingine huko chini.

Alimtafuta kwa macho. Nanga alikuwa ameacha kusugua. Alikuwa amesimama wima karibu na mlango, mikono imening'inia tupu, ameinua uso. Macho yao yakakutana kutoka ghorofa ya tano hadi sakafuni, na ule umbali wote haukuyapunguza nguvu. Mjusi akageukia kioo chake.

Katika kazi yao palikuwa na mwiko mmoja ambao haukuwa umeandikwa kwenye karatasi yoyote, na ambao waliushika kuliko yote yaliyoandikwa. Anayeshika kamba akitaka kumwachia mwenzake, hata kwa dakika moja, sharti apaze sauti: "Mkono unahama!" Aliye juu akiwa tayari, ametulia kitini, hujibu: "Uhame!" Asipojibu, mkono hauhami. Mtu awe amebanwa na haja, awe anaitwa na mkuu wa kampuni, atangoja.

Mwaka wa pili wa kazi yao, nyuki aliyekuwa kwenye maua ya mapokezi alimuuma Nanga kwenye kope. Nanga aliita, "Mkono unahama!" Mjusi alikuwa anahangaika na kona, maji yanamchuruzika kiwikoni, hakusikia. Nanga aliita tena, akangoja. Mjusi alipokuja kutazama chini alikuta jicho la mwenzake limevimba kama ndimu, chozi linamtiririka mpaka kidevuni, na kamba iko palepale haijacheza hata unywele. Siku ile ndipo alipoanza kumpenda, ingawa ilimchukua mwaka mzima kujua kwamba ndilo lililompata.

Alimaliza safu ya ghorofa ya tano, akaomba ashushwe.

"Mapema hivi?" Mama Mapacha alisema alipomfikisha chini. "Zimebaki safu mbili."

"Nina mazungumzo."

"Haya. Lakini usimpige na ndoo. Ndoo ni ya kampuni."

Nanga alikuwa ameshajua. Aliweka kitambaa chake chini akamfuata stoo kimyakimya, kama mtu anayeitwa na mwalimu mkuu. Mjusi alifunga mlango kwa mguu.

"Shida yako nini?" alimuuliza.

"Nilitaka kukuambia."

"Ulitaka lini? Baada ya mjukuu wa kwanza?"

"Jana nilikupigia, hukupokea."

"Mara moja! Ulinipigia mara moja, na ulikuwa umeshazungumza na msimamizi. Usinizunguke. Umehamisha mkono bila kuniita."

Neno lile lilimpata. Mjusi aliliona likimpata. Mabega yake mapana yalishuka.

"Hukuwa juu," Nanga alisema polepole. "Mimi nisingekuachia ukiwa juu hata wangenikata."

"Nilikuwa juu! Tangu uniulize lile swali lako mimi niko juu nimening'inia, majuma mawili, sijui nishuke wapi. Wewe ndiye uliyenipandisha huko. Halafu leo naamka nakuta umeachia, umepiga goti unasugua viatu vya watu mlangoni. Ulidhani nini? Ukishatoka kwenye kamba sitakuwa na sababu ya kukataa? Ulitaka kunifungia njia?"

"Hapana."

"Basi nini? Sema! Siku zote ni mimi niseme, wewe utikise kichwa."

Nanga alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa mtu mkubwa, na ndoo ililia. Akaitazama mikono yake, kisha akainyoosha mbele ya Mjusi, viganja juu, na kuiacha hapo.

Mwanzoni Mjusi hakuona kitu. Halafu akaona. Vidole vilikuwa vinatetemeka, kidogo tu, kama maji ya kwenye glasi mtu anapopita karibu na meza.

"Unaikumbuka ile siku uliyoteleza?" Nanga aliuliza. "Kwenye jengo la bima."

"Niliteleza nikabembea. Ulinishika. Tukacheka."

"Wewe ulicheka. Mimi nilikwenda chooni nikatapika."

Mjusi aliegemea mlango.

"Miaka yote hii ukiwa juu nilikuwa naona uzito," Nanga aliendelea. Maneno yalimtoka moja moja, kana kwamba kila moja lilikuwa na bei. "Usikasirike. Ndivyo tunavyofundishwa. Kilo hamsini na tano, kamba, breki. Niliupenda ule uzito kwa sababu ni wako, lakini mikono yangu iliujua kama uzito tu. Siku ile ulipoteleza niliacha kuona uzito. Nikakuona wewe. Tangu siku hiyo kila ukiinama mimi nakaza. Hujaona?"

Alikuwa ameona. Alikuwa amemlalamikia mara mbili. "Nilikuambia unanivuta kama mbuzi anayepelekwa mnadani."

"Siku moja baada ya lalamiko lako la pili ulikuwa umesimama kwa mguu mmoja kwenye fremu. Nilipokaza nilikung'oa mguu ule. Hukujua. Ulidhani umeteleza mwenyewe kidogo ukajishika. Ni mimi." Alikunja vidole. "Ni mimi niliyekung'oa. Nikajua sifai tena. Ukinikubali, ukinikataa, hilo halibadiliki, sifai kukushika. Ndiyo sababu nimekwenda kwa msimamizi. Sikwenda kwa ajili ya harusi."

Vitambaa vilivyoanikwa vilidondosha matone kwenye beseni. Mjusi alitafuta hasira yake akaikuta bado ipo, lakini imebadilika umbo. Ilikuwa imekuwa ndogo na chungu, ya kumhurumia mtu aliyebeba jambo kama hilo siku zote hizo bila kumshirikisha mwenzake.

"Ungeniambia," alisema.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Ningekucheka?"

"Niliogopa ungeanza kuogopa na wewe. Huko juu."

Mjusi alifungua mdomo amwambie kwamba asubuhi ile mguu wake umekataa, akaufunga. Badala yake alichukua kitambaa kikavu kutoka kwenye kamba ya kuanikia, akakikunja mara nne bila sababu.

"Leo mchana unakuja nyumbani," alisema.

"Kwenu? Mama yako hanipendi."

"Hakupendi kabisa. Ndiyo maana utakuja. Haya uliyoniambia mimi, utamwambia na yeye. Kwa mdomo wako, mimi nikiwa nimekaa hapo. Usipoliweza hilo, jibu langu utakuwa umeshalipata."

Mama yake Mjusi alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha mbele kilikuwa na mashine mbili, meza ya kukatia, na marundo ya sare za shule ambazo hazikupungua mwaka mzima. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani puani na pini mdomoni, na pini zile hazikuwahi kumzuia kusema.

Miezi minane sasa alikuwa akimsema Nanga. "Mwanamume gani," angesema, "anasimama chini anamtazama binti wa watu akipanda? Yeye miguu hana?" Mjusi alikuwa amemweleza mara nyingi kwamba aliye chini ndiye mwenye kazi ngumu. Mama angetoa pini mdomoni, amtazame juu ya miwani, na kusema, "Hebu nipishe."

Nanga aliingia akiinama, mlango ulikuwa mfupi kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Kaa, lakini si hapo, hapo kuna kola zangu. Si hapo pia. Haya, hapo."

Alikaa. Mashine iliendelea kulia. Mjusi alikaa kwenye kigoda cha pembeni, mikono mapajani, akaapa moyoni hatamsaidia hata kwa neno moja.

"Mama," Nanga alianza, "nimekuja kukuambia kitu. Nimeacha kumshikia kamba binti yako."

Mashine ilisimama.

"Umeacha?"

"Kuanzia leo."

"Nani anamshikia?"

"Mama mmoja, tunamwita Mama Mapacha. Ana uzoefu mkubwa kuniz..."

"Mama gani? Ana umri gani? Anavaa miwani?" Fundi alikuwa ameshasimama. "Wewe nani amekuambia uache?"

"Mama," Mjusi alisema, akisahau kiapo chake, "si wewe uliyekuwa ukisema hana miguu? Si ndiye mwanamume wa kusimama chini?"

"Wewe nyamaza, sizungumzi na wewe." Alimgeukia Nanga, kidole kimemnyooka. "Nimekusema, ndiyo. Miezi minane nimekusema, na ningekusema mingine minane. Lakini kila Jumamosi huyu akitoka hapa, mimi baada ya chakula nalala usingizi wangu wa mchana. Unadhani nalalaje? Mwanangu amefungwa kwenye kamba kama ndoo ya kisimani, mimi nimelala nakoroma. Nalala kwa sababu najua lile jitu lisilocheka limesimama pale chini. Sasa unakuja kuniambia umeacha! Leo nitalala vipi?"

Mjusi alimtazama mama yake kana kwamba amemwona kwa mara ya kwanza. Nanga naye alikuwa ameinamisha kichwa, na masikio yake yalikuwa yamewaka.

"Mikono yangu inatetemeka, mama," alisema. "Zamani haikuwa hivyo. Imeanza tangu nilipojua nampenda. Nikimshika sasa nitamuumiza. Nilishakaribia kumuumiza mara moja. Nilipaswa kumwambia yeye kwanza, sikumwambia, nimekosa. Lakini kamba siwezi kuirudia."

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni.

Fundi alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kimto cha mkononi. Akamsogelea Nanga, akachukua mkono wake wa kulia, akauangalia kama anavyoangalia kitambaa asichokijua bado, anakipima uzito, anakitazama nyuzi.

"Kweli unatetemeka," alisema.

"Ndiyo, mama."

Aliuachia. Akarudi kwenye kiti chake, lakini hakuigusa mashine.

"Huyu alipoanza shule," alisema, akimwonyesha Mjusi kwa kidevu bila kumtazama, "nilishona sare za darasa zima. Watoto arobaini na tatu. Yake nikaiacha mwisho. Nilipokaa kuishona sindano ikanichoma kidole. Nikafunga, nikaanza tena, ikanichoma tena. Kola ikapinda. Nikaifumua, ikapinda. Mimi, niliyeshona arobaini na mbili nikiwa nimefumba macho! Nilikuwa nawaza atakaa na nani, atacheza na nani, atalia au hatalia. Asubuhi nikampelekea jirani amalizie."

"Jirani?" Mjusi alisema. "Sare yangu ya kwanza aliishona jirani?"

"Ya kwanza na zote zilizofuata."

"Mama! Mimi nilikuwa najivuna shuleni! Nilikuwa nawaambia hii kashona mama yangu!"

"Nilijua. Ningekuharibia furaha yako ili iweje?" Fundi alifuta miwani kwa upindo wa kanga yake, akachukua muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. "Jirani alikuwa anashona vizuri. Alikuwa hana habari na wewe. Mtu asiye na habari na wewe ndiye anayeshona kola ikanyooka."

Mjusi aliyaona macho ya mama yake na ya Nanga yakikutana juu ya lile rundo la sare, na yakaachana haraka, kama watu wawili waliogundua wanaumwa ugonjwa mmoja.

"Huyo mama wa mapacha," fundi alisema mwishowe, "mniletee hapa. Nataka kumwona."

"Nitamleta, mama," Nanga alisema.

"Na wewe binti, umemjibu huyu?"

"Bado."

"Unangoja nini, azeeke? Mimi natoka kuanua nguo." Alisimama, akachukua kapu tupu. Kamba ya nguo, Mjusi alijua, haikuwa na nguo hata moja.

Mlango ulifungwa. Walibaki wawili na mashine mbili.

"Nina swali," Mjusi alisema. "Nikikukubali, kila asubuhi nitatoka niende kupanda. Nitashikwa na mtu mwingine. Wewe utakuwa jengo jingine, au chini unaosha milango. Huruhusiwi kuja kunitazama. Leo ulinitazama, nikashindwa kufanya kazi. Utaweza?"

"Nisije kabisa?"

"Kabisa. Ukiogopa, ogopea huko huko uliko. Nikichelewa kurudi, nimechelewa. Usipige simu kwa Mama Mapacha, usimtume mtu achungulie."

Nanga alifikiri. Mjusi alimwona akifikiri; alikuwa mtu ambaye fikira zilionekana usoni zikitembea, kama mtu mzito anayepanda ngazi. Neno rahisi lilikuwa limekaa pale mbele yake, na mwanamume mwingine yeyote angeliokota bila kusita. Angesema nitaweza, mpenzi, kwa ajili yako nitaweza chochote.

"Sijui," Nanga alisema.

"Hujui?"

"Sijui kama nitaweza. Nadhani siku za kwanza nitashindwa. Nadhani siku moja utageuka utaniona nyuma ya nguzo." Aliinua macho, nayo yalikuwa yamelowa, lakini hayakupepesa. "Nikishindwa nitakuambia siku hiyo hiyo. Hilo naliweza. Sitakaa nalo tena mwezi mzima."

Mjusi alikuwa amejiandaa kwa majibu mengi na hilo halikuwamo. Alilisikia likishuka ndani yake polepole, likapita mahali palipokuwa na hasira tangu asubuhi, likakuta pametulia. Miaka minne alikuwa amemwamini mtu huyu kwa sababu hasogei. Sasa alikuwa amemsikia akisema kwamba anaweza kusogea, na kwamba atasema. Alijiuliza kama hilo linatosha kumbeba mtu. Akajiona anasimama kutoka kwenye kigoda, anavuka marundo ya sare, anamshika mikono yote miwili.

"Ndiyo," alimwambia. "Nimekubali. Tuoane."

Mikono ilitetemeka ndani ya yake. Hakuikaza. Aliiacha itetemeke.

"Kasema nini?" sauti iliuliza kutoka nyuma ya mlango.

"Kasema hajui," Mjusi alijibu.

"Na wewe?"

"Nimesema ndiyo."

Mlango ukafunguliwa, fundi akaingia na kapu lake tupu, akaliweka chini, akavuta futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake. Alimtazama Nanga kutoka bega hadi bega, akakunja midomo kwa wingi wa kitambaa kitakachohitajika.

"Simama nikupime," alisema. "Suti yako wewe nitaishona mwenyewe, na niharakishe, kabla sijaanza kukupenda."